Kabla ya kuwapa wanafunzi jaribio la mtandaoni, likosee wewe kwanza

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili zoezi la methali kwenye programu ya bure ambayo mwalimu mwenzangu alikuwa ameisifia sana. Swali la tatu liliwataka wajaze pengo: "________ wa maskini hazai." Zoezi lile nilikuwa nimelijaribu nyumbani usiku uliotangulia, nikajibu maswali yote kumi, nikapata kumi. Darasani, binti mmoja wa dawati la mbele akaandika ng'ombe, programu ikampa sifuri. Akaitazama skrini, akanitazama mimi, akauliza: "Mwalimu, kwani siyo ng'ombe?"

Alikuwa amepata. Tatizo lilikuwa kwenye ritifaa, kile kialama kidogo cha juu. Simu yangu huandika iliyonyooka, kishikwambi alichotumia yeye huandika iliyopinda, na programu ile hulinganisha majibu herufi kwa herufi. Kwake hayo yalikuwa maneno mawili tofauti.

Alama nilizirekebisha jioni ileile. Kilichoniuma ni wale wengine waliokoseshwa swali hilohilo kwa sababu hiyohiyo, wala wasiulize. Waliiamini mashine kuliko walivyojiamini.

Usiku ule nyumbani nilikuwa nimejibu kama mwalimu, na mwalimu hujibu sahihi. Ubora wa programu ya upimaji huonekana inapokutana na jibu bovu, jibu la nusu, jibu lililoandikwa vibaya lakini likaeleweka, na mtandao uliokatika katikati ya swali. Utaratibu ninaoueleza hapa umejengwa juu ya hilo. Unakula jioni mbili na kipindi kimoja.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kujua kesho asubuhi

Usifungue programu yoyote bado. Chukua andalio la somo, uandike sentensi moja inayoanza na "Kesho asubuhi nataka kujua..." Pengine unataka kujua ni nani bado anachanganya kauli ya kutendea na kauli ya kutendesha. Pengine unataka kujua kama darasa limeshika mada, uendelee au urudie. Au unahitaji alama za kuingiza kwenye rekodi ya upimaji endelevu. Hizo ni kazi tatu, na ni nadra programu moja kuzifanya zote vizuri.

Tazama Kahoot, programu ya mchezo wa maswali kutoka Norway, iliyozinduliwa mwaka 2013 na ambayo walimu wengi huanza nayo. Kwa kawaida swali moja lina hadi pointi 1,000, na pointi hizo hupungua kadiri mwanafunzi anavyochelewa. Aliyejibu sahihi papo hapo anaikaribia 1,000, aliyejibu sahihi nusu ya muda ikiwa imepita anapata 750, na aliyejibu sahihi sekunde ya mwisho anabaki na 500 hivi. Kwa hiyo wanafunzi wawili waliopata maswali yote kumi wanaweza kuachana kwa pointi elfu kadhaa. Kwa kipindi cha saa nane mchana, darasa limechoka na joto, mchezo huo ni mzuri kweli na ninautumia. Lakini ukizihamishia pointi zile kwenye kitabu cha alama, umepima wepesi wa kidole. Ripoti yake inaonyesha pia idadi ya majibu sahihi ya kila mmoja, chukua hiyo.

Kumbuka pia mashine inajua kusahihisha nini. Maswali ya kuchagua, kuoanisha, kweli au si kweli, na jibu fupi, basi. Insha na uchambuzi wa shairi bado vinasubiri kalamu yako nyekundu. Mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, haiishii kwenye maswali ya kuchagua. Inamtaka mtoto aeleze kwa maneno yake. Mwanafunzi aliyefanyishwa mazoezi ya kubofya A, B, C muhula mzima ataingia kwenye chumba cha mtihani akiwa mgeni wa sehemu kubwa ya karatasi.

Hatua ya 2: Hesabu vifaa vilivyopo

Video za mafunzo za programu hizi nyingi zimepigwa katika madarasa ambamo kila mtoto ana kompyuta mpakato mbele yake. Shule nyingi za Tanzania na Kenya haziruhusu hata simu. Kwa hiyo pita mwenyewe na daftari: kompyuta zinazowaka, usihesabu zile zilizobaki kwenye orodha ya mali tu, projekta, simu yako, na vishikwambi. Hivyo vya mwisho ni vingi kuliko tunavyodhani, maana vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Waombe wenzako kwa kipindi kimoja.

Kama hesabu inaishia kwenye simu yako peke yake, jaribu Plickers. Kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye mchoro wake wa mraba, na kila upande wa mchoro unasimama badala ya A, B, C au D. Unasoma swali, kila mmoja anainua kadi yake jibu lake likiwa juu, unapitisha kamera ya simu darasani, majibu yanaingia kwa majina. Herufi zimechapwa ndogo, jirani hawezi kuchungulia kwa urahisi. Seti ya kawaida ina kadi 40 na kubwa ina 63, kwa hiyo darasa la 80 itabidi ulipime kwa makundi mawili. Ukiwapa watu wawili kadi moja, ujue unapima jozi, na aliyenyamaza hutamwona. Kadi zibandike kwenye boksi gumu. Karatasi tupu hukunjika kabla ya wiki ya pili.

Kama kuna chumba cha kompyuta kisicho na intaneti, kuna programu ya masomo iitwayo Kolibri. Husakinishwa kwenye kompyuta moja, nyingine zikaunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani ya chumba, na mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi majaribio na kuona matokeo. Moodle, mfumo mwingine wa kuendeshea masomo na majaribio, nayo inaweza kuwekwa hivyohivyo. Zote mbili zinahitaji mwalimu wa TEHAMA mwenye subira, na mwanzoni zitakusumbua.

Kama intaneti ipo, pima bando kabla ya kuahidi lolote. Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio uangalie kivinjari kimetumia data kiasi gani, fanya jaribio lote mwanzo hadi mwisho, kisha angalia tena. Tuseme tofauti ni MB 6. Kwa wanafunzi 45 hizo ni MB 270, zoezi moja tu. Ukiweka picha katika kila swali, rudia kipimo. Wala usipange kuwashirikisha darasa zima intaneti ya simu yako, kwa sababu simu nyingi hazipokei zaidi ya vifaa 10 hivi kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Kosea kwa makusudi

Hapa ndipo ninapotumia jioni nzima, na ningekuomba usiiruke hatua hii hata kama umeruka nyingine zote.

Fungua daftari za wanafunzi za wiki iliyopita. Tafuta makosa halisi, yale ya kwao, uyaandike kwenye karatasi. Kisha tunga maswali matano na uyajibu kwa makosa hayo, kwenye kifaa watakachotumia wao. Usitumie kompyuta yako.

Anza na jibu fupi. Andika jibu sahihi kwa kila namna unayoweza kuifikiria: kwa herufi kubwa, kwa nafasi ya ziada mwishoni, kwa nukta, kwa ritifaa iliyonyooka, iliyopinda, na bila ritifaa kabisa. Andika "thelathini" halafu "30". Andika "mnyambuliko" halafu "mnyumbuliko", maana vitabu vyetu vina yote mawili na mtoto hana kosa. Andika sentensi kamili: "Jibu ni ng'ombe." Kila palipo na sifuri isiyo ya haki, angalia kama programu inakuruhusu kuongeza majibu mengine yanayokubalika. Google Forms, programu ya Google ya kutungia fomu na majaribio, inaruhusu. Isiyoruhusu, na isiyokuachia nafasi ya kubadilisha alama kwa mkono, usiitumie kwa jibu fupi.

Ukiwa hapo, andika sentensi ndefu ya Kiswahili uone kibodi inafanya nini. Simu iliyowekewa usahihishaji wa Kiingereza hubadilisha maneno yetu bila kuuliza, na mwanafunzi asiyezoea haoni. Zima usahihishaji huo, au weka kibodi ya Kiswahili kwenye vifaa vyote. Inawezekana, ni dakika mbili kwa kila kifaa.

Halafu maswali ya kuchagua. Kwenye swali linalotaka majibu mawili, weka moja sahihi na moja baya. Unapata nusu, au sifuri? Google Forms haigawi alama: ama umepata yote ama hukupata kitu. Hilo si kasoro ukilijua mapema. Ni kasoro ukilijua mbele ya mzazi. Washa pia uchanganyaji wa machaguo ili majirani wasiibiane, kisha lifungue jaribio mara tatu. Chaguo lako la "Yote yaliyotajwa hapo juu" sasa limekaa la kwanza na halina maana tena. "A na C ni sahihi" ndiyo imevurugika kabisa. Ama yaandike upya, ama zima uchanganyaji kwa swali hilo.

Bofya C kwenye kila swali mpaka mwisho. Katika maswali 20 yenye machaguo manne, anayebahatisha tu anategemewa kupata 5. Katika maswali 20 ya kweli au si kweli anategemewa kupata 10. Ikiwa C peke yake imekupa 9, programu haina kosa. Wewe umerundika majibu sahihi mahali pamoja.

Sasa vuruga mtandao. Jibu maswali matatu, zima data, jibu mawili, washa data. Funga kivinjari katikati, urudi. Acha kifaa kilale dakika tano. Yale majibu matatu yako wapi? Kwenye Google Forms, aliyeingia kwa akaunti yake hukuta majibu yamehifadhiwa, na hukaa hadi siku 30; aliyeingia bila akaunti asitegemee hivyo. Umeme wa shule yangu hukatika bila taarifa, kwa hiyo kwangu mimi jibu la swali hili hushinda mapambo yote.

Mwisho, tuma jaribio mara tatu kwa majina yanayofanana: "Asha J", "asha juma", "Juma Asha". Ripoti itakuonyesha watu watatu. Tangu nilipoliona hilo, sikubali tena mwanafunzi aandike jina. Namwekea orodha ya namba za darasani achague yake.

Hatua ya 4: Isome ripoti kama mtu mwenye kipindi kesho

Wastani wa darasa, hata ukichorwa kwa duara la rangi tano, haukwambii ufundishe nini. Chukua mfano huu. Umewauliza wanafunzi 44: "Rafiki ____ amewasili," machaguo ni wangu, yangu, changu, langu, na jibu uliloliweka ni yangu. Wamepata 26. Gawa kwa 44, unapata 0.59. Swali linaonekana la wastani, zuri, na programu nyingi huishia hapo.

Sasa wapange wanafunzi kwa alama zao za jaribio zima, uchukue 12 wa juu na 12 wa chini. Desturi ya wapimaji ni asilimia 27 kila upande, na kwa watu 44 hiyo ni kama 12. Tuseme kati ya wale wa juu wamepata 4 tu, na kati ya wale wa chini wamepata 9. Toa 9 kwenye 4, gawa kwa 12: unapata −0.42. Swali zuri hutoa namba iliyo juu ya sifuri kwa kiasi cha kutosha, 0.3 na kuendelea. Iliyo chini ya sifuri inakwambia swali linawaangusha wanaojua. Kwa nini? Mwanafunzi hodari amejifunza kwamba rafiki ni kiumbe hai, yuko kwenye ngeli ya A-WA, akakumbuka mtoto wangu na mwalimu wangu, akachagua wangu. Asiyekumbuka kanuni amejibu kwa sikio, kama anavyosikia nyumbani, akapata. Swali kama hilo nisingelihesabia alama. Ningeliandika ubaoni kesho yake na kufundisha nomino za undugu na uhusiano, ndugu yangu, dada yangu, rafiki yangu, na kwa nini zinaiacha kanuni. Ukiona namba kama hiyo kwenye swali lisilo na ubishi wowote, kagua kwanza ufunguo wa majibu. Huenda wewe uliweka B mahali pa D. Na kwa watu 12 kila upande, ichukue namba hiyo kama dalili, usiifanye hukumu.

Moodle hukokotoa vipimo hivyo viwili yenyewe. Google Forms hukuonyesha maswali yaliyokosewa sana, na ukitaka zaidi unapeleka majibu kwenye jedwali ufanye hesabu mwenyewe. Mara ya kwanza ilinichukua saa moja, sasa robo saa. Kwa hiyo swali langu kwa programu yoyote mpya ni hili: je, unanipa jibu alilochagua kila mwanafunzi katika kila swali, kwenye faili ninaloweza kuondoka nalo? Inayonipa asilimia tupu naiacha hapo hapo, hata iwe nzuri namna gani. Sihitaji tu kujua kwamba Asha amekosa. Nahitaji kujua amechagua nini badala yake, maana kosa lake ndilo linaloniambia nianzie wapi.

Hatua ya 5: Linda majina ya watoto

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Si sheria za kabatini: mwaka 2023 shule moja huko Kenya ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Kwa vitendo, pendelea programu inayomruhusu mwanafunzi kuingia kwa namba ya siri ya jaribio, bila akaunti na bila barua pepe. Akaunti ya Google ya kujifungulia mwenyewe, katika nchi nyingi, ni ya kuanzia miaka 13, na baadhi ya watoto wa darasa la saba hawajafika. Namba ya darasani inatosha kwenye programu. Orodha ya namba na majina ikae kwenye daftari lako. Angalia pia kama unaweza kufuta matokeo ya mwaka uliopita, na ujaribu kuyafuta kweli.

Kuna ulinzi mwingine ambao hauandikwi kwenye sheria. Ubao wa washindi ukionyeshwa ukutani, wa mwisho naye anasomwa. Tafuta kitufe cha kuuficha. Kama hakipo, ficha majina halisi.

Hatua ya 6: Kipindi kimoja, wanafunzi sita

Usianze na darasa zima. Omba sita: wawili wanaoongoza, wawili wanaosuasua, mmoja ambaye hajawahi kushika kompyuta, na mmoja mwenye uoni hafifu au anayesoma polepole. Keti nyuma yao, usisaidie, andika. Nani amebofya kitufe kisichostahili kwa sababu kimeandikwa Kiingereza asichokijua? Maandishi yakikuzwa, machaguo yanabaki kwenye skrini au yanapotelea chini? Saa inayohesabu kurudi nyuma inaweza kuongezwa kwa mmoja bila kuwaongezea wote? Programu ikitofautisha majibu kwa rangi peke yake, asiyeona tofauti ya nyekundu na kijani atafanyaje? Kahoot wameweka umbo juu ya kila rangi, pembetatu, duara, mraba, na hilo ni jambo la kuigwa.

Huyo asiyewahi kushika kompyuta mpe siku yake ya kuzoea kabla ya jaribio lenye alama. Bila hivyo utakuwa umempima kutumia kipanya, ukaandika ni Kiswahili.

Hatua ya 7: Bei na mlango wa kutokea

Hii ni fupi. Soma kilichoandikwa kuhusu mpango wa bure: idadi ya wanafunzi, idadi ya majaribio, na kama ripoti ya kina imefungiwa kwa wanaolipa. Kama ni bure kwa siku 30 tu, usijenge muhula juu yake. Na kabla hujatunga maswali mia, pakua yale matano uliyotunga uone yanatoka katika umbo gani. Maswali ni jasho lako. Nakala yake ikae kwako.

Siku ya darasa zima

Nimebakiza jambo moja ninalolifanya kila mara tangu siku ya ng'ombe. Kabla hawajaanza nawaambia: "Mashine ikikwambia umekosa na wewe unaamini umepata, usifute, nyoosha mkono." Dakika kumi za mwisho ni za rufaa. Nazunguka na daftari, nasikiliza, na rufaa iliyoshinda nairekebisha mbele yao. Kisha jibu lile naliandika kwenye karatasi ya makosa, ili programu ijayo nianze kwa kuijaribu nalo.

Mara ya kwanza mikono ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa wa yule binti.